Wagiriama wa Adu na haki ya kuuliza

Mtoto akishikwa na homa isiyomwachia kule Adu, ndani ya Magarini, kaunti ya Kilifi, safari mara nyingi huwa mbili. Mama humbeba hadi zahanati, na mjomba au babu huenda kwa mganga kupigiwa mburuga, yaani ramli. Mgeni akiona hivyo huwahukumu kuwa ni watu wasiojua waamini nini. Mimi naona utaratibu. Zahanati huulizwa mtoto anaumwa nini. Mganga huulizwa kwa nini yeye, kwa nini sasa, na ni koma gani, yaani mizimu ya wazee wa ukoo, waliosahauliwa.

Tena mganga haaminiwi hivi hivi. Katika desturi ya Wagiriama, wenye shida hawaendi kumsimulia mambo yao. Hukaa, na yeye ndiye wa kutaja aliyelala mgonjwa ni mtu mzima au mtoto, na anaumwa wapi. Wao humwitikia au humkatalia. Wenye hekima huchagua mganga wa mbali asiyezijua habari za mji wao, na akibabaika huinuka wakatafuta mwingine. Sisemi kwamba hiyo ni sayansi. Kuna watu waliozikwa kwa kucheleweshwa hospitali, na hilo halina utetezi. Lakini ndani ya imani hiyo mna mlango wa shaka, na mlango huo uliwekwa na wazee wenyewe.

Mlango huo ulikuwa pia katika utawala wa kaya, yaani vijiji vya kale vya wazee vilivyozungukwa na msitu. Kabla Wagiriama hawajavuka mto Sabaki kuja kulima nchi hii ya kaskazini, mambo yao yaliamuliwa na kambi, baraza la wazee, kwa mashauri marefu ambayo hayakuwa na mfalme wa kuyakata. Miiko ilikuwa mingi na mikali: usikate mti wa kaya, usiguse makaburi. Leo misitu hiyo ya Wamijikenda, ambao Wagiriama ni sehemu yao, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, ni miongoni mwa mabaki machache ya msitu wa asili wa pwani. Aliyeogopa laana aliuhifadhi mti, na mtaalamu wa mimea akafika baadaye akaukuta umesimama.

Mekatilili wa Menza, ambaye kaburi lake liko Bungale, huku huku Magarini, alivitumia vyote viwili, kiapo na hoja. Mwaka 1913 Waingereza walitaka kodi na vijana wa kufanya kazi. Mama huyu aliwakusanya watu kwa ngoma ya kifudu na kuwaapisha kwa viapo vya kaya. Hata hivyo inasimuliwa kwamba alipokabiliana na ofisa Arthur Champion alileta kuku na vifaranga, akamwambia ajaribu kumchukua kifaranga mmoja. Kuku akamrukia. Kiapo kiliwafunga watu pamoja. Hoja ya kuku iliwaonyesha kwa nini wafungwe. Mwaka uliofuata serikali ililipua Kaya Fungo kwa baruti.

Nayasema haya kwa uchungu, kwa sababu desturi hiyo hiyo leo inatumiwa kuua. Waswahili husema penye wazee haliharibiki neno, na Kilifi imekuwa mahali ambapo mzee huficha mvi kwa rangi asije akaitwa mchawi. Wazee wamekatwa kwa mapanga usiku, na wengine wamekimbilia makao ya hifadhi kama yale ya Kaya Godoma, Ganze. Ukichimba kisa, mara nyingi utakuta shamba. Mwana anataka kuuza, baba hataki, mara uchawi unatajwa. Hapo hakuna mburuga ya mganga wa mbali, wala kambi, wala mtuhumiwa kupewa nafasi ya kujibu. Kijana mwenye panga amechukua jina la mila na kuyaacha masharti yake yote.

Kisha ikaja Shakahola. Mnamo Aprili 2023, katika msitu huo ulioko Chakama, upande wetu huu, polisi walianza kufukua makaburi ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie. Miili iliyotolewa ilipita 400, ikiwemo ya watoto wengi. Mackenzie amekana mashtaka, na mahakama ndiyo itakayoamua. Lakini mafundisho yaliyosikika yanajulikana: shule ni ya shetani, hospitali ni ya shetani, kufunga hadi kufa ni kumwendea Yesu. Wengi wa waliokufa walitoka mbali, wakauza walichonacho wakaja. Walikuwa na akili kama mimi na wewe. Walichonyang'anywa ni ruhusa ya kuuliza, na wakati huo huo wakatengwa na shangazi, jirani na mwalimu, watu ambao wangewaulizia.

Mwaka 2025 makaburi mengine yakafukuliwa Kwa Binzaro, Chakama hiyo hiyo.

Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wanaotaka Adu ichague kati ya dini na akili, kana kwamba mwenye tambiko ndiye aliyezaa Shakahola. Koma wa Kigiriama hudai pombe ya mnazi na chakula kidogo. Hawajadai mtoto alale njaa hadi afe. Wachungaji, mashehe na wazee wa kaya wakae mkeka mmoja na machifu na wahudumu wa afya, na kila fundisho linalomzuia mtoto kula, kusoma au kutibiwa lihojiwe hapo hadharani, mwenye kulifundisha akiwa amekaa mbele ya watu na akinamama wakiwa wa kwanza kupewa nafasi ya kusema.