Kiambishi a-/an- cha Kigiriki katika istilahi za tiba

Katika istilahi za sayansi na tiba za Kiingereza, kiambishi kidogo a- hubeba kazi ambayo Kiswahili huigawa kati ya -si-, "bila", "ukosefu wa" na "upungufu wa". Asili yake ni Kigiriki, ambako huwa a- mbele ya konsonanti na an- mbele ya irabu. Ndiyo maana huandikwa *asymptomatic* lakini *anaerobic*. Sauti h ya Kigiriki haikuhesabiwa kuwa konsonanti katika kanuni hii: *haima*, yaani damu, lilizaa *anaemia*, na h yenyewe ikatoweka.

Neno hilo la mwisho humpotosha anayelifasiri kwa kufuata muundo wake tu. Kimuundo ni "kutokuwa na damu", hali ambayo hakuna aliye hai anayeweza kuwa nayo. Kiswahili kimesema kweli zaidi kwa "upungufu wa damu". *Anuria* nalo lina tabia iyo hiyo: kwa kawaida madaktari hulitumia mkojo unapokuwa chini ya mililita 100 kwa siku, wala si lazima ukauke kabisa. Hapa ndipo mfasiri wa taarifa za hospitali anapopaswa kujihadhari hasa. Akiandika "mgonjwa hakojoi", msomaji hawezi kujua iwapo hakuna mkojo unaofika kibofuni, ambayo ndiyo *anuria*, au kibofu kimejaa na mkojo umezuiliwa kutoka. Hali hizo mbili hazitibiwi kwa njia moja. *Dysuria* ni jambo jingine kabisa, kwani dys- haikanushi bali huonyesha ubaya au ugumu: mgonjwa hukojoa, ila kwa maumivu.

Vivyo hivyo, *asymptomatic* ni "asiye na dalili", kamwe si "asiye na ugonjwa". Mtu asiye na dalili za malaria aweza kuwa na vimelea katika damu yake.

Si kila neno lianzalo na an- lina ukanushi. *Anatomy* limetokana na ana-, lenye maana ya "juu" au "kabisa", na mzizi wa kukata. Ni kukatakata mwili ili kuuchunguza. Mzizi huohuo ukitanguliwa na a- ya ukanushi hutoa *atom*, kitu kisichokatika, jina ambalo fizikia ya karne ya 20 ililionyesha kuwa si la kweli. Wanafunzi huchanganya pia *aseptic* na *antiseptic*: la kwanza hutaja hali ya kutokuwa na vijidudu, la pili hutaja dawa ya kupambana navyo.

Mara nyingine maana huhama na kuuacha mzizi nyuma. *Asphyxia* lilimaanisha kukosekana kwa mapigo ya mshipa, kwa kuwa *sphyxis* ni pigo la moyo. Leo humaanisha kukosa hewa, na anayelifasiri kwa etimolojia peke yake atakosea.

Kiambishi hiki kimo hata katika jina la mbu aenezaye malaria. Meigen, mtaalamu wa wadudu wa Ujerumani, alilibuni jina *Anopheles* mwaka 1818 kutokana na an- na *ophelos*, yaani faida: mdudu asiyefaa kitu. Wakati huo hakuna aliyejua kuwa ndiye abebaye vimelea vya malaria.