Mbegu Chotara Yataka Mlezi

Vijana wetu wa Kikwajuni siku hizi wanalima. Wanalima barazani, wanalima ngazini katika yale majumba yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, na wanalima usiku wa manane wakati wazee wao wanadhani wamelala. Jembe lao ni kidole na konde lao ni kioo. Humo hupanda, humwagilia, huvuna na huuza, na wale walio hodari zaidi huchanganya mimea miwili wakapata wa tatu ambao haukuwapo.

Katika mmojawapo wa michezo hiyo, uitwao Animal Crossing: New Horizons, uliotolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwaka 2020, mchezaji hupanda waridi jekundu karibu na waridi la manjano, akayamwagilia maji, na kulipokucha huenda akakuta kando yake limechipua waridi la rangi ya chungwa. Hilo ndilo chotara. Kijana hufurahi, na ana haki ya kufurahi.

Wako wanaosema kwamba huo ni upuuzi mtupu na kwamba simu zinyang'anywe. Makala hii haiko upande huo. Mchezo huo unafundisha jambo la kweli, ambalo Gregor Mendel alilithibitisha kwa njegere na kulichapisha mwaka 1866, nalo ni kwamba mtoto wa mmea hurithi kwa wazazi wawili, na kwamba binadamu mwenye akili na subira anaweza kuwachagua wazazi hao. Lakini mchezo unaficha mambo matatu: muda, maradhi na ulezi. Na katika visiwa vyetu mambo hayo matatu ndiyo yanayoamua kama sufuria itainjikwa au haitainjikwa. Ushahidi tutautoa kwenye mmea ambao kila mmoja wetu anaujua, yaani muhogo.

Muhogo kwetu si chakula cha kudharauliwa. Huliwa asubuhi kwa chai, na katika mwezi wa Ramadhani futari bila muhogo wa nazi huonekana imepungua. Katika ardhi ya maweni ya kusini na mashariki ya Unguja, ambako mpunga haupati pa kushika mizizi, muhogo hukubali kukaa mwambani. Wale waliokuwapo mwanzoni mwa miaka ya 1970, mchele ulipokuwa ukitolewa kwa mgao, wanajua ni mmea gani uliozistiri nyumba nyingi. Na hadi leo, ilhali sehemu kubwa ya mchele tunaoula huletwa kwa meli kutoka nje, muhogo unabaki kuwa akiba iliyomo ndani ya ardhi yetu wenyewe.

Adui wa akiba hiyo ni maradhi mawili. La kwanza ni batobato, linalokunja majani na kuyatia mabaka ya manjano. La pili ni michirizi ya kahawia, nalo ni baya zaidi kwa hila yake. Shina linaweza kusimama na majani yakaonekana ya kijani, mkulima akapita akashukuru, kumbe chini mizizi imeoza na kuwa migumu kama gome. Hayo atayajua siku ya kuvuna, baada ya miezi mingi ya jasho. Maradhi yote mawili huenezwa na inzi weupe wadogo, lakini mwenezaji wa safari ndefu ni sisi binadamu, tunapobeba vipando vya shamba lenye ugonjwa na kuvipeleka shamba lisilo nao.

Vita dhidi ya maradhi hayo ilianzia karibu na sisi, ng'ambo ya bahari tu, katika milima ya Usambara mkoani Tanga. Hapo Amani, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, nacho baadaye kikawa mikononi mwa Waingereza. Mtaalamu H. H. Storey ndiye aliyeueleza ugonjwa wa michirizi ya kahawia kwa maandishi mwaka 1936. Yeye na mwenzake, R. F. W. Nichols, walitafuta katika mihogo ya kawaida kinga ya kutosha, wasiipate. Wakageukia porini. Uko mti wa mpira ambao Wajerumani waliupanda kwa wingi Tanganyika kwa ajili ya utomvu wake, kabla ya bei ya mpira kuanguka mwaka 1913. Mti huo ni ndugu wa muhogo, na maradhi yale hayakuuweza. Wakauoza kwa muhogo.

Hapa ndipo vijana wetu watege sikio. Katika mchezo, waridi jekundu na la manjano huzaa la chungwa, na kazi imekwisha. Pale Amani, mtoto wa kwanza alirithi kinga ya mti wa porini, lakini alirithi pia na ubaya wake: mizizi ya miti, isiyolika. Ikabidi mtoto huyo aozwe tena kwa muhogo, na mjukuu naye aozwe tena, na kitukuu vilevile, kila mara wakichagua wale wachache waliobaki na kinga na huku mizizi yao ikirudi kuwa chakula. Kazi hiyo ilianza katika miaka ya 1930 na iliendelea hadi miaka ya 1950, ambapo D. L. Jennings aliipokea baada ya Nichols.

Na kila kizazi kimoja ni kazi ya mikono. Muhogo hutoa maua ya kike na ya kiume mbalimbali juu ya mmea mmoja. Mfanyakazi hulifunika ua la kike kwa kifuko kabla halijafunguka, huchukua chavua ya baba aliyemchagua, hulipaka, hulifunika tena, na kuandika tarehe na majina ya wazazi. Tunda moja hutoa mbegu tatu. Mbegu hizo, ijapokuwa ni za tumbo moja, hakuna mbili zilizo sawa, kama walivyo watoto wa nyumba moja. Hupandwa kwa maelfu, na takriban zote hutupwa. Ile moja inayobaki haizaliwi tena kwa mbegu, bali hukatwa pingili na kupandwa, na kila pingili ni yule yule mmoja. Tangu kupaka chavua hadi mkulima kukabidhiwa kipando, miaka minane au kumi si mingi.

Matunda ya Amani yalikwenda mbali. Mbegu zilipelekwa Nigeria, na kutoka katika uzao wake Dkt. S. K. Hahn, Mkorea wa Kusini aliyeanza kazi Ibadan mwaka 1971 katika Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki, alitoa mihogo mipya iliyoenea Afrika ya Magharibi na kwingineko. Basi mamilioni ya watu huko wamekula jasho lililotoka Usambara.

Lakini nyumbani kulikuwaje? Kazi ya Amani ilisimama, wataalamu wakatawanyika, na chotara wengi wakapotea. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Chotara mmoja, aliyeandikwa kwa namba 46106/27, alinusurika. Hakunusurika kwa sababu ya ofisi yoyote. Wakulima wa kusini mwa Tanzania walimpenda, wakakata vipando, wakapeana jirani kwa jirani, wakamwita Namikonga. Wakulima wa Pwani ya Kenya nao walimtunza wakamwita Kaleso. Miongo mingi baadaye wataalamu walipopima vinasaba vyao walikuta kwamba Namikonga na Kaleso ni mmea mmoja, mtoto wa Amani. Na ugonjwa wa michirizi ulipovuka mwambao na kuonekana Uganda mwaka 2004, kisha ukalitishia eneo zima la Maziwa Makuu, huyo Namikonga ndiye aliyeendewa awe mzazi wa mihogo mipya yenye kinga. Alihifadhiwa na watu wasiojua kwamba wanahifadhi hazina ya dunia.

Hilo ndilo fundisho la makala hii. Mwenye kuchanganya mbegu ana sifa yake, lakini mwenye kuilea ndiye anayeifanya iwe chakula.

Nasi Zanzibar tuna mtihani huo huo. Mwaka 2007, baada ya kazi ya watafiti wetu pamoja na Taasisi hiyo ya Ibadan, zilitolewa kwa wakulima mbegu nne za muhogo zinazostahimili maradhi yote mawili, nazo zikapewa majina ya vijiji vyetu wenyewe: Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui. Ilikuwa siku ya heshima. Lakini tuielewe vyema maana ya neno kustahimili. Mmea unaostahimili si mmea usiougua kabisa. Ukikatwa vipando kutoka shamba chafu mwaka baada ya mwaka, ugonjwa hujilimbikiza ndani yake, na mkulima huanza kusema kwamba mbegu ya Serikali imechoka. Iliyochoka si mbegu, ni ulezi.

Tena muhogo una shida moja ambayo mahindi hayana. Shina moja hutoa takriban vipando kumi kwa mwaka, wakati gunzi moja hutoa punje mamia. Upande mwingine una neema yake. Mahindi chotara, kama yale ya H611 yaliyotolewa Kitale, Kenya, mwaka 1964, hupoteza nguvu mkulima anapopanda tena punje alizovuna, ikambidi arudi dukani kila msimu. Chotara wa muhogo hubaki chotara milele, mradi apate kipando kisafi. Maana yake ni kwamba mkulima mnyonge anaweza kuwa bwana wa mbegu yake mwenyewe. Hiyo ni kujitegemea kwa vitendo.

Basi tunasema na viongozi. Mwaka 1972 ndugu zetu wa TANU walitoa pale Iringa tamko la Siasa ni Kilimo. Tamko lilikuwa jema, lakini tamko haliotí bila shamba. Mbegu isiachwe ikafa siku mradi unapokwisha na gari linapoegeshwa. Kila wilaya iwe na kitalu cha vipando safi kinachokaguliwa kila mwaka, bwana shamba na bibi shamba wawe na nauli ya kukifikia, na sheha awe na daftari linaloonyesha nani kapewa mbegu gani na mwaka gani. Fedha za kutunza daftari ni kidogo mno zikilinganishwa na fedha za kutafuta upya kilichopotea.

Tunasema na wakulima. Usikate kipando kwenye mmea uliokunja majani. Siku ya kuvuna upasue muhogo uutazame moyo wake kabla hujayachukua mashina yake kwa msimu ujao, na ung'oe ulio mgonjwa ungali mchanga. Usione haya kumwuliza jirani anayekupa mbegu kwamba shamba lake lilivunwaje.

Na tunasema na vijana wa Kikwajuni. Kizimbani si mbali. Ni safari fupi ya daladala. Huko wako watu wanaofanya kwa mikono yao kile mnachokifanya kwa kidole, ila wao husubiri miaka ambapo ninyi husubiri usiku mmoja, na wanaohitaji kurithiwa. Kama mmeweza kukaa macho kulisubiri waridi lisilonuka wala kulika, mnayo subira ya kutosha kuusubiri muhogo. Kazi hiyo inawangoja, na visiwa hivi vitawahitaji wenye kuiendeleza.