Mpox ya Kamituga: jinsi kompyuta zinavyosaka alama ya kirusi kati ya mabilioni ya herufi

Tangu mwishoni mwa Septemba 2023, wagonjwa wenye malengelenge mwilini walianza kuongezeka katika mji wa Kamituga, kituo cha wachimbaji dhahabu kusini-magharibi mwa Bukavu, jimbo la Kivu Kusini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Hadi mwisho wa Februari 2024 watafiti walikuwa wameorodhesha watu 241 walioshukiwa kuugua mpox, na kati yao 108 walithibitishwa kwa vipimo vya maabara. Mwezi Julai ugonjwa huo ulivuka mipaka: Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya zilitangaza wagonjwa wao wa kwanza katika muda wa majuma machache. Tarehe 14 Agosti 2024, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza hali ya dharura ya kimataifa, siku moja baada ya Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa Afrika kutoa tangazo kama hilo kwa bara zima.

Habari hizo zilisikika sana. Jambo ambalo halikuelezwa sana ni namna wataalamu walivyotambua kwamba kirusi cha Kamituga kilikuwa tawi jipya, lililopewa jina la Ib, tofauti na yote yaliyokuwa yakijulikana. Malengelenge hayana lebo. Jibu lilitokana na kazi ambayo kwa juu juu haifanani kabisa na tiba, nayo ni kutafuta maneno ndani ya maandishi marefu mno.

Vinasaba vya kila kiumbe huweza kuandikwa kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Maandishi ya kirusi cha mpox yana herufi zipatazo 197,000, sawa na kitabu cha wastani. Ya binadamu yana takriban bilioni 3.1. Mhudumu wa afya anapochukua majimaji ya lengelenge kwa kijiti cha pamba, humo hamna kirusi peke yake. Kuna pia seli za mgonjwa na bakteria wa ngozi yake. Mtambo wa kusoma vinasaba hausomi maandishi hayo moja kwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho, bali hutoa vipande vingi, mara nyingine mamilioni, vilivyochanganyika bila utaratibu. Ni kama vitabu kadhaa vimechanwachanwa na kumwagwa sakafuni, na karani anatakiwa aseme kila kipande kimetoka kitabu gani na ukurasa upi.

Njia ya kwanza inayomjia mtu akilini ni kuanza herufi ya kwanza na kwenda mbele hadi kipande kipate mahali pake. Njia hiyo haina kosa ila moja, muda. Tuchukulie kompyuta inakagua nafasi milioni 100 kwa sekunde. Ingehitaji sekunde 31 kupitisha kipande kimoja juu ya maandishi ya binadamu. Vipande milioni moja vingeichukua sekunde milioni 31, yaani karibu mwaka mzima, kwa mgonjwa mmoja.

Hakuna anayetafuta neno katika kamusi kwa namna hiyo. Msomaji hufungua katikati, akaona kama amepita au hajafika, kisha akagawa tena nusu iliyobaki. Kamusi humrahisishia kazi kwa sababu mtu mwingine alikwisha kutaabika kuyapanga maneno kwa alfabeti. Faharasa ya nyuma ya kitabu ni hivyo hivyo: taabu ya siku moja inayookoa taabu ya miaka. Tatizo ni kwamba maandishi ya vinasaba hayana maneno. Hayana nafasi wazi, nukta wala aya. Kipande kinachotafutwa chaweza kuanzia herufi yoyote na kuishia yoyote. Basi faharasa ya kitu kisicho na maneno itaorodhesha nini?

Mwaka 1973 Peter Weiner, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alionyesha kwamba jibu ni kuorodhesha mikia, yaani kila kinachobaki cha maandishi ukianzia herufi ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi ya mwisho. Muundo wake ulikuwa wa mti wenye matawi, nao ulikula nafasi nyingi mno ya kumbukumbu ya kompyuta. Mwaka 1990 Udi Manber na Gene Myers walileta namna nyepesi zaidi, wakaipanga ile mikia katika orodha moja ya alfabeti. Myers huyo huyo, katika mwaka huo huo, alikuwa mmoja wa watu watano waliochapisha BLAST, programu ambayo wanabiolojia wanaitumia hadi leo kulinganisha vinasaba.

Neno la kawaida linatosha kuonyesha hila yenyewe. Chukua MATATA. Mikia yake ni MATATA, ATATA, TATA, ATA, TA na A. Ukiipanga kwa alfabeti unapata A, ATA, ATATA, MATATA, TA, TATA. Sasa mtu akiuliza silabi TA imo mara ngapi, hahitaji kulipitia neno zima. Mikia yote inayoanza na TA imekaa pamoja mwishoni mwa orodha, nayo ni miwili, na kila mmoja unajua ulitoka nafasi ipi. Kwa orodha ya mikia bilioni 3.1, kugawa nusu kwa nusu kama mtu wa kamusi kunafika mwisho kwa hatua zipatazo 32. Hatua bilioni tatu zimegeuka thelathini na mbili.

Lakini orodha hiyo ina uzito wake. Kuhifadhi nafasi za mikia yote ya maandishi ya binadamu kunadai takriban gigabaiti 12, mbali na maandishi yenyewe. Miaka ishirini iliyopita kompyuta yenye kumbukumbu ya namna hiyo haikuwa kitu cha kukutwa mezani, achilia mbali katika maabara ya mkoani inayotegemea jenereta.

Ufumbuzi ulitoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa akiwaza magonjwa. Mwaka 1994 Michael Burrows na David Wheeler walichapisha mbinu ya kubana mafaili ili yachukue nafasi ndogo. Katika orodha ya mikia iliyopangwa, wao hawakuuhifadhi mkia. Walihifadhi tu herufi inayoutangulia kila mkia katika neno la asili. Kwa MATATA, tukiweka nukta kama alama ya mwisho wa neno na kuipanga mbele ya herufi zote, mikia inakuwa saba, na herufi zinazoitangulia kwa mpangilio ni A, T, T, M, nukta, A, A. Ukizitazama unaona herufi zinazofanana zimeanza kukaa pamoja, na zinazokaa pamoja hubanwa kwa urahisi. La ajabu zaidi ni kwamba kutokana na safu hiyo iliyovurugika, neno la asili laweza kurudishwa lote bila kupotea herufi hata moja.

Mwaka 2000 Waitaliano wawili, Paolo Ferragina na Giovanni Manzini, walitambua kwamba safu hiyo iliyobanwa ni faharasa pia. Inatosha kutafuta kinyumenyume. Mtu anayetafuta MATA aanze na A ya mwisho. Mikia inayoanza na A ni mitatu, na herufi zinazoitangulia ni T, T, M. T ni mbili, kwa hiyo TA imo mara mbili. Mikia hiyo miwili ya TA inatanguliwa na A na A, kwa hiyo ATA nayo imo mara mbili. Miwili ya ATA inatanguliwa na T na M. Basi MATA imo mara moja. Hatua nne kwa herufi nne, na idadi hiyo ya hatua haibadiliki hata maandishi yangekuwa ya mabilioni ya herufi. Urefu wa swali ndio unaohesabika, si urefu wa kitabu.

Mwaka 2009 programu mbili, Bowtie na BWA, ziliiingiza mbinu hiyo katika biolojia. Faharasa ya maandishi yote ya binadamu ikashuka hadi gigabaiti chache, kiasi ambacho kompyuta ya kupakata ya kawaida inakimudu. Kwa nchi zetu hilo lilikuwa na maana kuliko mengi yaliyotangazwa kwa mbwembwe. Mwaka 2015, wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi, watafiti walipeleka Guinea mtambo wa kusoma vinasaba unaoshikika kwa kiganja, uitwao MinION, na kusoma virusi vya wagonjwa huko huko. Sampuli hazikulazimika kusubiri ndege ya kuzipeleka Ulaya. Mitambo ya aina hiyo husoma vipande virefu lakini hukosea herufi hapa na pale, na mbinu ya kulinganisha herufi kwa herufi hukwama mara inapokutana na kosa. Kwa ajili yake hutumika faharasa nyingine, inayochagua maneno mafupi machache ya kila kipande na kuyatumia kama alama za njiani. Alama kadhaa zikikubaliana, mahali pa kipande panajulikana hata kama kina dosari.

Kamituga ilionyesha nguvu ya kazi hii, na pia hatari ya kuifanya nusu nusu. Kipimo cha kawaida cha PCR nacho ni utafutaji wa maneno: kina mfuatano mfupi wa herufi kinaoutafuta, na kikiukuta kinajibu ndiyo. Kipimo cha jumla cha mpox kiliwaona wagonjwa wa Kamituga bila shida. Lakini kulikuwa na kipimo cha pili, cha kutofautisha tawi la I, ambalo kwa kawaida huua zaidi, na tawi la II, lililosambaa duniani mwaka 2022. Kipimo hicho kilitafuta jeni moja iliyomo katika tawi la I peke yake. Kwa wagonjwa wa Kamituga kilinyamaza.

Maabara iliyo na kipimo hicho tu ingeweza kudhani kwamba si tawi la I. Ukweli ulijulikana pale vipande vilivyosomwa kutoka kwa wagonjwa, katika kazi iliyoshirikisha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba ya Viumbe (INRB) ya Kinshasa, vilipopangwa juu ya maandishi ya zamani ya kirusi. Karibu kila mahali vipande vilikaa sawasawa. Sehemu moja ilibaki wazi, herufi zipatazo 1,100 ambazo hakuna kipande kilichotua. Jeni iliyokuwa ikitafutwa na kile kipimo ilikuwa ndani ya pengo hilo. Kirusi kilikuwa kimeudondosha ukurasa huo.

Mpangilio huo huo ulitoa habari nyingine nzito. Mwili wa binadamu una vimeng'enya viitwavyo APOBEC3, ambavyo hushambulia vinasaba vya kirusi na kuacha alama inayotambulika, ambapo herufi C inayofuata T inageuzwa kuwa T. Alama nyingi za namna hiyo ni dalili kwamba kirusi kimekuwa kikipita mwilini mwa watu, mmoja baada ya mwingine, badala ya kutoka porini kila mara. Virusi vya Kamituga vilikuwa navyo vimebeba alama hizo. Haikuwa tena suala la wanyama wa msituni peke yao, na ushauri kwa wananchi ulipaswa kubadilika kulingana na hilo.

Utafutaji sasa unapanuka kutoka maandishi ya kiumbe kimoja hadi maghala mazima. Mwaka 2019 watafiti wa Uingereza walionyesha faharasa, iitwayo BIGSI, ya seti 447,833 za vinasaba vya bakteria na virusi zilizokuwa katika hifadhi ya umma ya Ulaya. Walitafuta humo jeni zinazoyafanya bakteria yasiuawe na dawa za mwisho za hospitali. Kabla ya hapo data hizo zilikuwa wazi kwa kila mtu kwa jina tu, kwa sababu hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuzisoma zote. Hata hivyo faharasa hujibu kwa kile kilichoingizwa ndani yake. Magonjwa ya maeneo ambayo sampuli zake hazisomwi hayamo, na ukimya wa kompyuta juu yake hauna tofauti na ukimya wa kile kipimo cha Kamituga.

Kuhusu kipimo chenyewe, wataalamu hawakukitupa tu na kusubiri. Mwaka 2024 ilichapishwa PCR mpya kwa ajili ya tawi la Ib, na shabaha yake ni lile pengo lenyewe. Pale ukurasa ulipodondoka, kingo mbili ambazo zamani zilikuwa mbali zimegusana, na mfuatano wa herufi unaopatikana kwenye mshono huo haumo katika ndugu wengine wa kirusi hicho.