Poka: Karata 10 na 2 zilimpa Brunson ubingwa mara mbili, lakini hesabu inasema zitupwe

Doyle Brunson, Mmarekani mzaliwa wa Texas aliyefariki Mei 2023, alitwaa ubingwa wa dunia wa poka mjini Las Vegas mwaka 1976, akautwaa tena 1977. Mara zote mbili, katika mgao wa mwisho alishika karata 10 na 2. Hadi leo wachezaji wanaziita kwa jina lake.

Je, mtu akigawiwa karata hizo leo azicheze? Mara nyingi, hapana.

Katika aina ya poka iitwayo Texas Hold'em, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Kisha karata tano za wote hufunuliwa mezani: tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu nyingine. Lakini kabla ya hizo tano, mchezaji lazima aamue kutia pesa au kutupa karata zake.

Karata 52 zinaweza kutoa michanganyiko 1,326 ya karata mbili. A mbili, ambazo ndizo bora kuliko zote, huja wastani wa mara 1 katika migao 221. Karata mbili zinazofanana, za namba yoyote, huja mara 1 katika 17. Kwa hiyo mchezaji makini hutumia muda mwingi akitupa karata na kutazama wengine wakicheza.

Zinazodharauliwa zaidi ni 7 na 2 za alama tofauti: ni ndogo, na ziko mbali mno kuweza kuungana katika mfululizo wa karata tano. Kasoro hiyo ya umbali iko pia kwa 10 na 2.

Hata hivyo, kusubiri nako kuna gharama, kwani dau la lazima huzunguka meza na kumfikia kila mmoja. Mahali pa kukaa pia ni muhimu. Anayeamua wa kwanza hajui wenzake watafanya nini, hivyo huchagua karata chache sana. Anayeamua wa mwisho amekwisha kuwaona, na anaweza kulegeza masharti.

Brunson alikuwa amebaki na mpinzani mmoja tu, hali inayozipa thamani hata karata za kawaida. Tena, miaka yote miwili alikuwa nyuma baada ya karata tatu za kwanza. Ikaja 2, ikafuata 10, akaokoka.

Bahati ya namna hiyo ndiyo huwaponza wengi. Hata A mbili hushindwa: dhidi ya mpinzani mmoja mwenye karata zozote hushinda takriban mara 85 katika 100, na dhidi ya wanne mara 56 hivi. Anayeamua kwa kukumbuka mgao mmoja uliomletea pesa, huzirudisha polepole katika mia inayofuata.