Kaskazi na kaskazini, kusi na kusini

Mwanafunzi wa Mbulu au Katesh hujifunza maneno kaskazini na kusini kwenye ramani, mbali na bahari. Akifika Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, pamoja na wenzake wa klabu ya kuteleza majini kwa ubao wenye tanga, hukutana na mashina ya maneno hayo: kaskazi na kusi, majina ya pepo na ya majira yake. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi. Kusi hushika nguvu Juni hadi Septemba.

Kiambishi tamati -ni huonyesha mahali. Kaskazini, basi, ni upande utokako upepo wa kaskazi, si uendako. Mashariki na magharibi, yaliyotokana na maneno ya Kiarabu ya kuchomoza na kutua kwa jua, hayana -ni hiyo.

Kwa hiyo "Tutasafiri wakati wa kusi" hutaja msimu, si mwelekeo. Mfasiri anayeandika kwamba safari ni ya kusini hupoteza nauli za watu tu. Kosa zito zaidi ni kudhani kwamba upepo huitwa kwa upande unakoelekea. Mwenye ubao akiambiwa Paje kuna "upepo wa magharibi", ajue unatoka nchi kavu na utamsukuma hadi bahari kuu. Mabaharia huondoa utata kwa kusema goshini, upande upepo utokako, na demani, upande uendako. Ingawa demani, kwa bahati mbaya ya mfasiri, ni jina la majira pia.