Tumeiga uma na kisu, tukasahau jina la samaki

Ukumbi wa maakuli wa hoteli yenye hadhi, uwe mjini Homa Bay au mjini Migori, una sura ile ile siku hizi. Meza zimetandikwa vitambaa vyeupe, glasi zimepinduliwa, leso za karatasi zimekunjwa mfano wa maua, na orodha ya vyakula imevikwa jalada gumu kana kwamba ni kitabu cha sheria. Orodha yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza, lakini asili ya mambo ni Ufaransa: supu hutangulia, chakula kikuu hufuata, kitindamlo hufunga, na viazi vyetu vya kawaida huitwa ‘lyonnaise’ ilhali wengi wa waagizao hawajui neno hilo lina maana gani.

Sina ugomvi na utaratibu huo. Ni urithi wa watu waliofanya kazi yao kwa bidii. Auguste Escoffier, Mfaransa aliyezaliwa mwaka wa 1846 na kufariki mwaka wa 1935, ndiye aliyelipanga jiko la hoteli mfano wa kikosi cha askari, kila mpishi na kituo chake, na kitabu chake cha mwaka wa 1903 kikawa kama msahafu wa wapishi wa mahoteli. Alipofanya kazi na César Ritz katika hoteli ya Savoy jijini London kuanzia mwaka wa 1890, Waingereza waliuvaa mtindo huo, nao wakaja nao huku. Chuo chetu cha Utalii kilipofunguliwa mwaka wa 1975 kwa msaada wa serikali ya Uswisi, vijana wa Kenya nao wakapata nafasi ya kujifunza kazi ya hoteli kwa kiwango cha kimataifa. Ni jambo jema. Wengi wamepata riziki kwayo.

Ninalolalamikia ni kwamba tulijifunza nusu ya somo. Tulichukua uma, kisu na majina, tukaliacha jambo lililowafanya Wafaransa waheshimiwe mezani.

Hebu tulitazame neno hilo ‘lyonnaise’. Halina uchawi wowote. Maana yake ni ‘kwa jinsi ya watu wa Lyon’, nayo ni viazi vilivyokaangwa pamoja na vitunguu. Vivyo hivyo ‘provençale’ ni jinsi ya watu wa Provence, na ‘normande’ ni jinsi ya watu wa Normandy. Mfaransa alichukua mapishi ya kijiji cha mamake, akayapa jina la kijiji hicho, akayaandika kwa herufi kubwa, na dunia nzima ikajifunza kuyatamka. Jibini yao ya Roquefort ililindwa kwa sheria tangu mwaka wa 1925, hata ikawa si halali kwa mtu wa mahali pengine kulitumia jina hilo. Nasi mpishi wetu aliyezaliwa Karungu huimba ‘lyonnaise’ bila kukwama, lakini hajapata hata siku moja kuandika ‘kwa jinsi ya Karungu’.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni ule wa Marseille, mji wa kale wa bandari kusini mwa Ufaransa. Wavuvi wa huko walikuwa na desturi ya kuuza samaki wazuri na kubakiwa na wale wenye miiba mingi wasiotakiwa na mteja. Hao waliwatia chunguni wakapika mchuzi, uitwao ‘bouillabaisse’. Kilikuwa chakula cha mtu asiye na kitu. Leo mchuzi huo huuzwa kwa bei ya kutisha, na mwaka wa 1980 wenye migahawa wa Marseille walitia sahihi mkataba wa kueleza ni samaki gani wanaostahili kuingia humo, ili jina lisichafuliwe.

Msomaji wa Homa Bay na wa Migori amekwisha kunielewa. Sisi nasi tuna mgongo wazi. Mbuta, aliyetiwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mapema miaka ya 1960, alikula fulu na samaki wengine wadogo hata wengi wakatoweka, kisha yeye mwenyewe akawa bidhaa ya kuuzwa ng’ambo. Viwanda vilipoenea katika miaka ya 1980, minofu ilikatwa, ikagandishwa, ikapelekwa Ulaya. Kilichobaki, yaani kichwa, uti na nyama kidogo iliyong’ang’ania mifupa, kilinunuliwa na akina mama, kikakaangwa kando ya barabara, na watu wetu kwa ucheshi wenye uchungu wakakiita mgongo wazi. Kati ya mwaka wa 1997 na 2000 Umoja wa Ulaya ulipoufunga mlango wake kwa samaki wetu mara kadhaa, wavuvi na wachuuzi wa ufuoni waliumia, ingawa hawakuwa wameonja mnofu wenyewe. Hadi leo mgongo wazi haujapanda ngazi za hoteli. Kule Marseille mabaki ya mvuvi yameketi kwenye kitambaa cheupe. Huku mabaki yetu yangali barabarani, na minofu ndiyo iliyoketi, tena bila jina.

Nasema bila jina kwa sababu nimeshuhudia. Niliketi katika hoteli moja mjini Homa Bay, nikaona katika orodha ‘fileti ya samaki kwa mchuzi mweupe’. Nikamwuliza mhudumu, kijana nadhifu sana, ni samaki gani. “Ni fileti, Japuonj,” akanijibu. Nikamwuliza tena, fileti ya nani? Hapo akainama, akanieleza kwa Dholuo na kwa sauti ya chini kwamba ni mbuta, kwamba ameletwa asubuhi ile kutoka Mbita, na kwamba kama ningependa, jikoni kulikuwa na ngege mzima ambaye ni mtamu kuliko huyo. Elimu yote hiyo alikuwa nayo. Alifundishwa kuificha.

Mboga nazo zimefanyiwa dhuluma kubwa zaidi. Katika orodha huandikwa ‘mboga za kienyeji’, basi. Osuga, ambayo ni mnavu, ina uchungu wake na hutulizwa kwa maziwa. Apoth, yaani mrenda, huteleza na huhitaji magadi. Dek, ambayo ni mgagani, mpishi hodari huichemsha na kuirudisha motoni kwa maziwa hata siku ya pili ndipo ifae. Hizo ni mboga tatu na kazi tatu mbalimbali, zote zikafungwa katika gunia moja. Je, Mfaransa angekubali jibini zake zote ziandikwe ‘maziwa yaliyoganda ya kienyeji’?

Wenye hoteli wana jibu, na ni haki lisikizwe. Husema kwamba wateja wao ni watu wa semina na maofisa wa serikali za kaunti zilizoanza kazi mwaka wa 2013, wenye haraka, na wanaotaka walichokizoea Nairobi. Huenda ni kweli. Lakini sasa yupo na mgeni wa namna nyingine. Thimlich Ohinga, boma la kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji katika Kaunti ya Migori, liliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2018. Shirika hilo hilo lililokwisha kuutambua mlo wa Wafaransa mwaka wa 2010, liliisifu Kenya mwaka wa 2021 kwa juhudi zake za kuhifadhi vyakula vya asili. Mtu atoke kuzitazama kuta za mababu, kisha apewe vibanzi na kuku?

Kwa walimu wa Kiswahili lipo jambo jingine hapa. Ukivuka mpaka Isebania ukaingia Sirari, ngege ni sato, mbuta ni sangara na omena ni dagaa, na mama ntilie huyaandika kwa chaki ubaoni bila haya. Lugha yetu basi haina upungufu wa maneno.

Nimelijaribu jambo hili darasani. Niliwataka wanafunzi waandike orodha ya vyakula vya hoteli kwa Kiswahili sanifu, kila chakula na mahali kitokako. Ngege walimwita sato wa Mbita, na ugali wa wimbi wakaupa jina la Kuria bila ubishi. Waligawanyika walipofika kwa mgongo wazi. Mmoja alitaka uitwe ‘mchuzi wa ziwa’ ili mgeni asiogope. Msichana wa Muhuru, ambaye shangazi yake huukaanga sokoni, alikataa katakata, akaandika ‘mgongo wazi wa Muhuru’, na pembeni akaweka bei: shilingi 600. Darasa zima lilimcheka. Hakuifuta.