Jino Limetibiwa, Taabu Imezidi: Sheria ya Kenya Inakupa Nini?

Mtu ameng'olewa gego la mwisho la chini. Sindano ya ganzi huisha nguvu baada ya saa chache, lakini wiki ya tatu sasa mdomo wake wa chini hauhisi kitu. Chai inamchuruzika kidevuni hana habari. Jirani na mizizi ya gego hilo hupita mshipa wa fahamu wa taya, nao unaweza kujeruhiwa hata mikononi mwa daktari hodari.

Ndiyo maana kuumia peke yake hakutoshi mahakamani. Hakimu atataka kujua: eksrei ilipigwa kwanza? Mgonjwa alielezwa hatari hiyo kabla ya kukubali, kama Sheria ya Afya ya 2017 inavyotaka? Daktari mwingine mwenye ujuzi wa kawaida angefanya vivyo hivyo? Na je, madhara yametokana na kazi ile, au na ugonjwa uliokuwapo?

Mengi ya majibu hayo yamo kwenye faili. Andika barua uombe nakala ya faili zima, picha za eksrei na fomu uliyotia sahihi; Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kupata taarifa zako. Kisha mwone daktari wa meno asiye na uhusiano na kliniki ya kwanza, akupime na kukuandikia ripoti. Kesi nyingi za uzembe wa matibabu huanguka kwa kukosa shahidi mtaalamu.

Malalamiko kuhusu mwenendo wa daktari hupelekwa kwa baraza linalosimamia madaktari na madaktari wa meno, KMPDC. Linaweza kumwonya, kumsimamisha au kumfutia leseni. Wengi huponzwa hapa hapa: wanawasilisha malalamiko, wanatulia wakingoja uamuzi, kumbe muda wa kushtaki unazidi kuyoyoma. Kulalamika barazani hakuusimamishi. Kwa madai ya uzembe una miaka 3. Ukiishtaki serikali, miezi 12 tu. Mahakama huweza kumruhusu aliyechelewa kwa sababu hakujua mambo ya msingi, ila hilo si la kutegemea.

Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Kwa jino lililozibwa vibaya likahitaji kurudiwa, ningeanzia huko. Kwa mshipa uliokatika, tafuta wakili.

Kliniki ikijitolea kukurudishia pesa, soma kwanza karatasi unayopewa. Ikisema huna dai lingine lolote, sahihi yako inaweza kukufungia njia ya mahakamani. Endelea na matibabu na utunze risiti, kwa kuwa mahakama hutarajia ujitahidi kupunguza hasara yako. Lakini barua ya kuomba faili isingoje: iandike wiki hii, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.